Afya ya Mkaazi Katika Mizani ya Majengo ya Kijani



Katika miji mikubwa ya zama zetu, jengo jipya la ofisi linapomalizika kwa gharama kubwa na fahari kubwa zaidi, aghalabu mgeni aingiaye ukumbini hulakiwa na bamba la kioo au la shaba lililobandikwa ukutani, limpashalo habari kwamba jengo hilo limepimwa likaonekana kuwa ni jengo la kijani, na kwamba limestahiki daraja la fedha, au la dhahabu, au hata la platinamu. Naye mgeni, kwa kuwa hapana amwelezaye vingine, huondoka na dhana kwamba hewa ya mle ndani ni safi, kwamba rangi ya kuta haina sumu, na kwamba maji ya mifereji yake hayana dhara. Dhana hiyo ndiyo niliyokusudia kuizungumza mbele yenu, kwa sababu nionavyo mimi waliolitoa bamba lile hawakuwahi kumwahidi jambo hilo, na walipokaribia kumwahidi walimwachia mjenzi hiari ya kulitimiza au kulipuuza.

Hapana budi turejee nyuma kidogo. Mwezi wa Oktoba 1973, mataifa ya Kiarabu yauzayo mafuta yalipowanyima bidhaa hiyo wale walioiunga mkono Israeli, bei ya mafuta ilipanda takriban mara nne kwa muda wa miezi michache, na wenye majengo makubwa ya Marekani na Ulaya, ambao mpaka wakati huo walikuwa wakipasha moto hewa na kuipoza pasipo kuihesabu, wakatambua kwamba kila ufa wa dirisha una gharama yake. Madirisha yakafungwa yasifunguke tena, nyufa zikazibwa, na hewa ya nje, ambayo kila ikiingizwa ndani hudai nishati ya kuipasha au kuipoza, ikapunguzwa. Chama cha wahandisi wa Marekani wa fani ya kupasha na kupoza hewa, kijulikanacho kwa ufupisho wa ASHRAE, kilipotoa kanuni zake mwaka 1981, kiliridhia kwamba mtu mmoja ofisini angeweza kutoshelezwa na futi 5 za ujazo za hewa ya nje kwa kila dakika, yaani kama lita mbili na nusu kwa sekunde. Na miaka minane baadaye, mwaka 1989, chama kile kile kilikipandisha kiwango hicho cha ofisi mara nne. Baina ya miaka hiyo miwili kilikuwa kimetokea nini? Watu walikuwa wameugua. Shirika la Afya Duniani, mnamo 1983, lilieleza hali ya wafanyakazi ambao macho yao yaliwasha, koo zikakauka, vichwa vikawauma na uchovu ukawashika muda wote wawapo kazini, na ambao walipokwisha kutoka nje ya jengo walipata nafuu bila ya dawa.

Na kabla ya hapo kulikuwa na msiba mkubwa zaidi. Mwezi wa Julai 1976, askari wastaafu wa Marekani walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia, na siku chache baadaye wakaanza kushikwa na homa ya mapafu ambayo matabibu hawakuijua. 29 miongoni mwao wakafa, na haikufahamika nini kilichowaua mpaka Januari 1977, ilipogunduliwa bakteria ambayo leo huitwa legionela, ikaaminiwa kwamba ilienezwa kwa mitambo ile ile iliyowekwa ili kuwaburudisha wageni kwa hewa baridi. Ajabu ni kwamba hapana jipya katika asili ya mambo haya. Max von Pettenkofer wa München alikwisha kubainisha mwaka 1858 kwamba chumba chaweza kupimwa uchafu wa hewa yake kwa kiasi cha hewa ukaa wanayoitoa wakaazi, akaweka na mpaka wa sehemu 1,000 katika milioni, mpaka ambao wahandisi wanautumia hata leo, wengi wao pasipo kumjua aliyeuweka.

Mizani ya majengo ya kijani ilizaliwa katika hofu ya nishati, si katika hofu ya maradhi, na kila aisomaye kwa insafu ataliona hilo katika nasaba yake. BREEAM ya Uingereza ilianza mwaka 1990. Baraza la Majengo ya Kijani la Marekani likaundwa 1993, nalo likatoa mizani yake iitwayo LEED, iliyojaribiwa 1998 na kuenea tangu mwaka 2000. Sisemi haya kwa kuwashutumu walioianzisha. Majengo hula sehemu kubwa ya nishati ya dunia, na mtu aliyewafanya wajenzi washindane katika kuipunguza amefanya jambo la kushukuriwa. Lakini chombo kilichoundwa kupimia kitu kimoja, kikisha kupewa jina pana kuliko kazi yake, huanza kutumainiwa kwa vitu ambavyo hakikuundiwa.

Natutazame hisabu yenyewe, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika LEED ya mwaka 2009, jengo jipya liliweza kupata jumla ya alama 110, ambazo 35 zilikuwa za nishati na 15 tu za hali ya ndani ya jengo, kwa maana ya hewa, mwangaza, joto na vifaa visivyotoa sumu. Na ili kufikia daraja la platinamu, lililo la juu kabisa, zilihitajika alama 80. Atakayetoa 15 katika 110 atabakiwa na 95. Kwa hiyo mjenzi angeweza kuziacha alama zote za hali ya ndani, asipate hata moja, na bado akabaki na nafasi ya kutosha ya kuifikia platinamu. Fauka ya hayo, kulijenga jengo karibu na kituo cha reli au cha mabasi kulileta alama 6, ilhali gundi isiyo na mvuke wa sumu ilileta alama 1, rangi 1, zulia na sakafu 1, na mbao zilizoshindiliwa kwa gundi 1, hata ukizijumlisha zote nne hazikufikia thamani ya kituo cha basi. Ni kama mtihani ambamo mwanafunzi wa udaktari amefeli somo la dawa, lakini kwa kuwa amefaulu sana katika jiografia na hesabu, jumla yake imetosha, naye akapewa shahada na akakabidhiwa wagonjwa.

Hoja hii ilitolewa kwa ushahidi mrefu mwaka 2010 na jumuiya ndogo ya jimbo la Connecticut iitwayo Environment and Human Health, katika ripoti iliyoandikwa na John Wargo, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye alisema bayana kwamba kubana nishati kunaweza kugongana na siha ya binadamu, na kwamba katika meza ya wapangaji wa mizani ile walikaa wasanifu, wahandisi na wafanyabiashara wa majengo, huku wajuzi wa afya ya binadamu wakiwa karibu hawamo. Watetezi wa mizani walijibu kwamba yako masharti mawili ambayo hapana jengo linaloweza kuyakwepa: kiasi cha chini cha hewa, na kuzuia moshi wa tumbaku. Jibu hilo ni la kweli, nami sitaki kulificha. Walakini kiasi hicho cha chini kimetolewa katika kanuni za ASHRAE, na kanuni hizo huitambua hewa inayokubalika kwa njia mbili, mojawapo ikiwa ni kwamba watu wasiopungua 80 katika mia walio ndani yake wasilalamike. Mlalamishi hulalamikia harufu na joto. Fomaldehaidi, ambayo taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliitia katika orodha ya visababishi vya saratani mwaka 2004, kwa kiasi kidogo kinachotoka katika kabati jipya haimfanyi mtu alalamike. Risasi iliyomo katika rangi haina harufu kabisa. Na mtoto anayetambaa sakafuni hajui kujaza fomu ya malalamiko.

Liko pia suala la wakati wa kupima. Mizani ile ilimpa mjenzi alama moja kama angelipitishia jengo hewa nyingi ya nje kabla ya wakaazi kuingia, au kama angeipima hewa na kuonyesha, mathalani, kwamba fomaldehaidi haizidi sehemu 27 katika bilioni. Na kipimo hicho kikisha kufanywa siku moja, pasipo watu ndani, pasipo mapishi, pasipo dawa za kusafishia wala mashine za kunakili, basi cheti kilitolewa na jambo likawa limekwisha. Nimeishi katika nyumba za kutosha kujua kwamba nyumba tupu na nyumba yenye watu ni nyumba mbili tofauti.

Baadaye mambo yalibadilika kiasi, na si haki kuzungumza kana kwamba saa ilisimama 2010. LEED ilifanyiwa marekebisho 2013, na mwaka uliofuata ikatokea mizani nyingine iitwayo WELL, iliyojengwa tangu msingi juu ya siha ya wakaazi, yenye masharti yasiyonunulika kwa alama za upande mwingine, yenye kudai kwamba hewa na maji yapimwe ndani ya jengo lenyewe, na yenye cheti kinachokwisha muda baada ya miaka mitatu. Hayo matatu, yaani sharti, kipimo na muda, ndiyo niyatakayo, na ningeikubali WELL pasipo kinyongo lau isingekuwa imetundikwa juu mno, katika bei ya makao makuu ya mabenki, kana kwamba pumzi safi ni anasa ya wenye kupanga ghorofa za juu. Watetezi wake hupenda kutaja uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Harvard uliochapishwa 2015, ambamo watu 24 walifanya kazi kwa siku sita katika ofisi ya majaribio huko Syracuse, na uwezo wao wa kufikiri ukaonekana kupanda kwa asilimia 61 katika hali ya jengo la kijani, na kwa asilimia 101 pale hewa ya nje ilipoongezwa zaidi. Ni kazi nzuri, iliyofanywa pasipo washiriki wala wapimaji kuambiwa hali ya hewa ya siku ile. Lakini watu 24 ni wachache. Na fedha zake zilitoka katika kampuni ambayo wakati ule miongoni mwa bidhaa zake vilikuwamo viyoyozi, jambo ambalo halibatilishi matokeo, ila humlazimu msomaji kuyapokea kwa hadhari.

Nami naona kwamba ushahidi utufaao zaidi sisi hautoki Syracuse, bali mji wa Lima, huko Peru. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyumba katika hospitali nane za mji ule, wakitaka kujua ni vyumba vipi vinavyowakinga watu na kifua kikuu. Waligundua kwamba madirisha na milango ikifunguliwa, hewa ya chumba hubadilika mara 28 kwa saa, ilhali vyumba vyenye mitambo ya hewa huwekewa kiwango cha mara 12. Na katika majengo yaliyojengwa kabla ya 1950, yenye dari ndefu na madirisha mapana, hewa ilibadilika mara 40, na katika yale ya kisasa mara 17. Walipokadiria hatari ya mtu kuambukizwa akikaa kutwa na usiku pamoja na wagonjwa ambao hawajapata dawa, walipata asilimia 39 katika vyumba vya mitambo, 33 katika majengo ya kisasa yenye madirisha, na 11 tu katika yale ya zamani. Fikirini maana yake: mjenzi wa kale, ambaye hakuwa na cheti wala hakusikia habari za alama, alimkinga mgonjwa zaidi ya mara tatu kuliko mtambo.

Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki mizani inayoenea kwa kasi si LEED wala WELL, bali ni EDGE, iliyotungwa na shirika la fedha la IFC lililo chini ya Benki ya Dunia, na sababu ya kuenea kwake ni njema: ni rahisi, ni nafuu, na inaeleweka. Yadai mambo matatu tu, kwamba jengo lipunguze kwa asilimia 20 nishati, maji, na athari ya kimazingira ya kutengeneza vifaa vyake vya ujenzi. Mambo ya afya hayamo. Si kwamba yamepewa alama chache, bali hayamo. Na katika hatua ambazo mjenzi anaweza kuzichagua ili afikie asilimia zake, mojawapo ni kupunguza ukubwa wa madirisha kwa kulinganisha na ukuta, kwa kuwa kioo hupitisha joto la jua. Kwa jengo lenye kiyoyozi hesabu hiyo ni sahihi. Kwa nyumba za kupanga za Dar es Salaam au Mombasa, ambazo baada ya miaka miwili kiyoyozi kitaharibika na mwenye nyumba hatakitengeneza, mpangaji atabaki na dirisha dogo. Naikiri insafu yake vile vile, kwamba EDGE huhesabu pia upepo wa asili miongoni mwa hatua zake. Lakini huuhesabu kwa ajili ya umeme uliookolewa, si kwa ajili ya mapafu ya mtu.

Ziko hatari zetu wenyewe, ambazo hazikuingia katika akili ya kamati yoyote iliyokaa Washington au London, kwa sababu wajumbe wake hawaugui malaria. Mbu aina ya anofelesi huingia usiku kwa kupitia mwanya ulio baina ya ukuta na paa, na wavu wa dirishani, dari iliyozibwa na mlango ujifungao wenyewe ni kinga ambayo mwanasayansi wa Kitaliano Angelo Celli aliifanyia majaribio katika nyumba za wafanyakazi wa reli tangu mwisho wa karne ya 19. Huko Gambia, uchunguzi uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilipowekewa wavu, mbu walipungua na watoto wenye upungufu wa damu wakawa wachache zaidi. Na katika vijiji vya Mtwara zimejengwa nyumba 110 za ghorofa moja juu, ambazo vyumba vya kulala vimeinuliwa mbali na ardhi, kuta zikafanywa nyepesi zipitishazo upepo lakini zisipitishe mbu, paa likakinga maji ya mvua, na jikoni likawekwa jiko lipunguzalo moshi, ili afya ya watoto wanaokulia humo ilinganishwe na ya wenzao wa nyumba za kawaida. Hizo ndizo nyumba ambazo ningezipa daraja la juu kabisa, na nadhani katika mizani nyingi tulizonazo zingepata alama za kati.

Moshi, nao, ni jambo ambalo mizani ya Kimagharibi huliona katika sigara tu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani, utokanao na kuni, mkaa, mavi ya ng'ombe na mafuta ya taa, uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Mchoro wa fleti ya bei nafuu ukiletwa mbele ya mpimaji, swali la kwanza lilipaswa kuwa: mama mwenye kupika kwa mkaa pindi gesi inapomwishia, moshi wake watokea wapi? Mpimaji wa leo hauulizi moshi huo, kwa sababu mchoro umeandikwa jiko la umeme.

Wako wanaonijibu kwamba wazee wetu wa pwani walikwisha kulimaliza suala hili, na kwamba yatosha kurudia nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar. Nazipenda nyumba hizo, kwa kuta zao nene za matumbawe na chokaa zinazochelewesha joto la mchana, na kwa kiwanda cha ndani, yaani ua ulio wazi juu, kinachovuta hewa. Lakini mapenzi hayaondoi ukweli. Boriti za mikoko zililazimisha vyumba kuwa vyembamba, na kadiri mtu alivyokwenda ndani kutoka kiwandani ndivyo mwanga ulivyopungua, hata vyumba vya nyuma, ambamo wanawake walijifungua na wagonjwa wakalazwa, vikawa na giza mchana kutwa. Tuchukue kiwanda na tuchukue dari ndefu. Giza tuliache.

Basi lifanyike nini? Mimi sitaki alama za afya ziongezwe kutoka 15 hadi 30, kwa maana alama, hata zikiwa nyingi, hubaki ni kitu cha kubadilishana, na mjenzi mwerevu ataendelea kununua zile rahisi. Nataka mambo machache yatolewe katika soko hilo na kuwekwa mlangoni, yawe sharti ambalo asiyelitimiza hapewi cheti hata kama paa lake lote limefunikwa kwa mitambo ya jua: rangi isiyo na risasi, mbao na gundi zilizopimwa, madirisha yanayofunguka katika kila chumba anacholala au kufanyia kazi mtu, maji yaliyochunguzwa, na wavu wa mbu popote penye malaria. Kisha nishati na afya ziandikwe mbali mbali, kila moja na kipimo chake, pasipo kujumlishwa, ili zikigongana mgongano huo uonekane. Maana kugongana hugongana kweli. Hewa ya nje ya Dar es Salaam mwezi wa Machi ni nzito kwa unyevu, na kila lita yake inayoingizwa katika jengo lenye kiyoyozi hula umeme. Msanifu atakayeyapatanisha hayo kwa kivuli, kwa pangaboi na kwa kulielekeza jengo penye upepo wa kusi na kaskazi, huyo asifiwe. Na atakayeshindwa, tujue ni kipi alichokitoa sadaka.

Kipimo kirudiwe baada ya mwaka, watu wakiwa ndani, na majawabu wapewe wapangaji, si mwenye jengo peke yake. Vyombo vya kupimia hewa ukaa na vumbi laini si ghali tena, na mwalimu wa shule aweza kukisoma kimoja ukutani kama asomavyo saa. Na katika kamati zitakazotunga masharti hayo wakae tabibu, na muuguzi wa hospitali ya wilaya, na bwana afya. Tena nashauri kwa dhati akae mtu mmoja wa usafi, kwa kuwa katika majengo mengi ya kijani mitambo ya hewa huzimwa jioni ili kuokoa umeme, na hapo ndipo wanapoingia wasafishaji na dawa zao kali, wakafanya kazi yao yote katika hewa iliyosimama, pasipo hesabu yoyote ya jengo kuwataja.

Juu ya gharama nitasema kidogo, kwa kuwa ndilo neno ambalo husemwa kwanza na wale wasiotaka kusikia yaliyosalia. Wavu, dirisha pana na rangi salama ni vitu vya bei ndogo vikiwekwa tangu mwanzo, na vya bei kubwa vikija kuongezwa baadaye. Na kwa kuwa EDGE katika nchi zetu imefungamana na mikopo, wenye uwezo wa kulibadilisha jambo hili upesi si wasanifu wala serikali bali ni mabenki, ambayo tayari hudai cheti kabla ya kutoa fedha za jengo la kijani kwa riba nafuu. Fomu ile ile ya mkopo inayouliza asilimia za umeme na maji yaweza kuongezewa ukurasa mmoja, kuuliza chumba cha kulala kina madirisha mangapi yafunguliwayo na katika kuta zipi, rangi imetoka kiwanda gani na imepimwa na nani, moshi wa jikoni watokea wapi, na ni nani atakayerudi mwaka wa pili kupima hewa.